Wasomaji arobaini wanaokusubiri: jibu langu kwa mwandishi mwenzangu

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema huu ni mwaka wa pili unaandika simulizi za mfululizo, ukurasa wako umefikisha wafuasi 6,000, lakini kila ukituma sehemu mpya wanaoisoma hadi mwisho na kukuulizia inayofuata hawazidi arobaini, nawe unataka kujua ufanye nini ili hao wengine nao wawe wasomaji wa kudumu. Mimi ni mkazi wa Tanga, nimekuwa nikiandika mtandaoni tangu mwaka 2014, na jibu langu huenda lisikupendeze mwanzoni: hao wengine waache kwa sasa, uwashughulikie hao arobaini. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na nitaeleza pia mambo niliyoyaharibu mwenyewe kabla sijalielewa jambo hili.

Simulizi yangu ya tatu ilimhusu binti wa Chumbageni aliyechumbiwa na baharia. Ilipendwa kuliko zote nilizokuwa nimeandika, watu wakawa wanaisambaza bila kuombwa, na mimi nikalewa sifa hizo kiasi cha kutuma kila nilichoandika usiku uleule. Ilipofika sehemu ya 23, binti amesimama bandarini na sanduku lake, alfajiri, chombo kinapakia, nikaishiwa. Sikuwa nimejua mwisho wake. Kazi yangu ya mchana ilikuwa imenielemea, nikaahidi kwamba sehemu ya 24 ingekuja Jumatatu, Jumatatu ikapita, nikaona haya kuomba radhi, na haya hiyo ikanifanya nisiufungue ukurasa kabisa. Baada ya miezi saba, mama mmoja wa Makorora ambaye sikuwahi kumwona akiandika neno lolote chini ya simulizi zangu alinitumia ujumbe: "Mwanangu, yule binti alipanda chombo au alirudi kwao? Mimi huwasomea wenzangu tukikaa barazani jioni, na mpaka leo wananiuliza." Nilimjibu, "Shikamoo mama, niwie radhi," kisha nikakaa na simu mkononi nisijue niongeze nini. Kumbe nilikuwa na baraza zima la wasikilizaji, ambalo katika hesabu ya ukurasa lilionekana kama mtu mmoja asiyesema kitu, nami nililiacha njiani.

Tangu siku hiyo situmi sehemu ya kwanza ya simulizi kabla sijaandika ya mwisho. Najua wako waandishi wanaopinga utaratibu huu kwa hoja kwamba maoni ya wasomaji huipa simulizi uhai, nami sikatai, ndiyo maana sehemu tano au sita za mwisho huwa nazipitia upya kadiri maoni yanavyoingia. Lakini mwisho wenyewe uwepo, umeandikwa, umehifadhiwa mahali pawili. Msomaji anapoanza kukufuata anakukopesha muda wake akitarajia utamfikisha, na ukimwangusha mara moja, simulizi yako inayofuata ataipita tu hata ikiwa bora mara kumi.

La pili ni siku na saa. Mimi hutuma Jumanne na Ijumaa, saa tatu usiku, wakati watu wamekwisha kuswali Isha, wamekula, na watoto wamelala. Mwezi wa Ramadhani husogeza hadi baada ya Tarawehe, na hutangaza badiliko hilo wiki moja kabla. Anayeijua Ngamiani amewaona wauza kahawa wanaopita jioni na birika na kashata, wakigonganisha vikombe: mtu hatoki nje kutazama kama muuzaji atapita leo, anatoka kwa sababu anajua saa yake imefika. Nilipokuwa natuma ovyo, mara alfajiri, mara mchana wa kazi, nilikuwa namlazimisha msomaji anitafute, na mtu aliyechoka hatafuti. Ndani ya miezi minne ya kushika saa ileile, ujumbe wa kuniulizia ulianza kuingia saa tatu na dakika tano pale nilipochelewa.

Kuhusu urefu sina mengi ya kusema: maneno 800 hadi 1,000 kwa sehemu yananitosha. Tuma maandishi yenyewe, usitume picha ya maandishi, kwa sababu picha hula bando na kwenye simu ndogo herufi hazisomeki.

Sasa nirudi kwenye hesabu yako ya 6,000 na arobaini, kwa kuwa naona imekuumiza. Sehemu ya maumivu hayo si kosa lako. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Facebook ilitangaza kwamba ingewaonyesha watu zaidi machapisho ya ndugu na marafiki zao kuliko ya kurasa, kwa hiyo wengi katika hao 6,000 hawakuikataa simulizi yako, bali haikuwafikia kabisa. Mimi niliona wasomaji wakipungua mwaka ule nikadhani kalamu yangu imechuja. Ndipo nikahamishia uzito wa kazi WhatsApp, kwa ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, kila mmoja akaupokea kama ameandikiwa peke yake. Orodha moja hubeba watu 256, na ina sharti moja ambalo waandishi wengi wanalilalamikia: ujumbe haumfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako katika simu yake. Mimi nalipenda sharti hilo. Mtu aliyebonyeza kidole chini ya chapisho amefanya kazi ya sekunde moja, lakini aliyeihifadhi namba yangu ameniandika kwa jina katikati ya mjomba wake na fundi wake wa baiskeli. Nilipoanza walijitokeza 58 tu, na nilihuzunika kama unavyohuzunika wewe. Hao 58 ndio walioijaza orodha ya kwanza, kisha ya pili, kwa kuwaambia watu wao.

Nataka nikae zaidi katika hili la wasomaji kuleta wasomaji, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mengi. Mwaka 2019 niliandika simulizi iliyotokea katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Nilizaliwa mjini, mkonge nilikuwa nauona nikiwa ndani ya basi, na katika sehemu ya nne nikaandika kwamba katani, yaani nyuzi za mkonge, ilitoka kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, ikafungwa marobota jioni ileile na kupakiwa kwenye lori. Usiku huohuo mzee mmoja aliyefanya kazi shambani kwa miaka mingi akaniandikia: "Kijana, katani ikitoka korona bado ina maji. Ukiifunga robota siku hiyo itaoza. Huanikwa kwanza juani ikakauka, kisha huenda brashi, halafu hupangwa kwa madaraja, ndipo ifungwe." Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kunyamaza, ningeweza kuirekebisha kimyakimya, au ningeweza kukiri. Juu ya sehemu ya tano niliandika maelezo ya mistari sita nikisema nilikosea wapi, nikaeleza safari ya katani kama mzee alivyonieleza, na nikamshukuru kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiridhia. Kisha, kwa kuwa simulizi ilikuwa imekwisha kuandikwa yote, nikaurekebisha mtiririko wa matukio: lile lori halikuondoka jioni ile, na kijana wangu akalazimika kulala shambani siku mbili akisubiri katani ikauke. Siku hizo mbili zikawa sehemu nzuri kuliko zote katika simulizi nzima, na hazikutoka kichwani mwangu.

Mzee yule akawapelekea wenzake wa zamani, wao wakawapelekea watoto wao walioko Dar es Salaam na Morogoro, na katika wiki tatu niliongeza watu wengi kuliko niliowapata mwaka mzima uliotangulia. Walinitumia majina ya nyimbo za wakata mkonge, walinieleza namna kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, kilivyofanya kazi, mmoja akanisahihisha hata rangi ya vumbi. Shikamoo zangu kwao wote. Watu hawa hawakunifuata kwa sababu nasimulia vizuri. Walinifuata kwa sababu waliona maisha yao yameingia katika maandishi, na waliposema jambo, jambo lao lilisikika.

Jambo hili wala si jipya katika pwani yetu. Gazeti la Kiongozi, lililoanza hapahapa Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani, liliishi kwa barua na habari zilizoletwa na wasomaji wake, walimu na makarani waliotawanyika katika miji na vituo vya bara. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo mtu alitoa hoja kwa beti na mwingine wa mji wa mbali akamjibu, na huko ndiko mashairi ya Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wetu huu, yalikosomwa kabla hajawa na kitabu. Msomaji aliyetunga jibu lazima alinunue toleo linalofuata aone kama limechapwa. Kwa hiyo nikuulize, ndugu yangu: katika hao arobaini wako, ni wangapi umewahi kuwajibu kwa sentensi kamili, mbali na kuwawekea alama ya moyo?

Suala la fedha nitaligusa kwa sababu limewapoteza watu wengi. Uko mtindo wa kutuma sehemu kumi bure, ukamfikisha msomaji mahali ambapo kisu kimeinuliwa, kisha ukaandika: lipia 1,000 upate zinazoendelea. Niliufanya mara moja. Walilipa baadhi, nilipata fedha ya kununua simu nyingine, na wengi wa waliolipa hawakurudi tena kwa simulizi iliyofuata, kwa sababu walihisi wametegwa. Sina tatizo na mwandishi kulipwa. Kazi ni kazi, na mwenye M-Pesa mkononi hashindwi kutoa shilingi elfu kwa kitu anachokipenda. Tatizo ni kumficha bei. Sasa hivi natangaza sehemu ya kwanza kabisa kwamba simulizi hii ni ya bure hadi mwisho, au kwamba sehemu ya 1 hadi ya 15 ni bure na zilizobaki ni kiasi fulani, na asiyeweza aniambie. Wapo wanaoniambia, nami nawatumia. Hao ndio wanaolipa mara mbili siku wakipata.

Kuhusu wizi, utaibiwa. Mtu atanakili simulizi yako, atafuta jina lako, ataweka lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipoiandika kazi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hupokea usajili unaokusaidia kuthibitisha kwamba ni yako. Fanya hivyo kwa kazi unazotaka kuzifanya vitabu. Lakini iliponitokea mimi, waliofika wa kwanza kumkabili aliyeninakili ni wasomaji wangu, akiwamo mama yule wa Makorora, ambaye kwa siku ile aliandika hadharani kwa mara ya kwanza: "Hii tumeshaisoma barazani kwetu, mwenyewe tunamjua."

Ndiyo, mama yule alirudi kunisoma. Nilipoanza utaratibu mpya, kitu cha kwanza nilichokimaliza ni ile simulizi ya binti wa bandarini. Niliandika sehemu ya 24 hadi ya 40, nikamtumia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na nikamwomba aisome barazani kisha anieleze wenzake wamesema nini. Walisema binti hakupaswa kupanda chombo. Tulibishana wiki nzima.

Kabla sijamaliza, nikupe hesabu moja niliyokutana nayo nilipokuwa nikiutafiti mkonge baada ya kusahihishwa na yule mzee. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mmea huo katika nchi hii, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Mashamba yote ya Tanga tunayoyajua yalianzia kwenye hiyo 62, kwa kuwa ilitunzwa ikatoa mingine. Nikiitazama orodha yako ya arobaini sioni upungufu wowote.

Basi wiki hii usitume sehemu mpya. Waandikie hao arobaini mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake, umuulize anasomea wapi, saa ngapi, na kama kuna anayemsomea. Omba waihifadhi namba yako. Maliza simulizi uliyoiacha, kwa maana umetaja katika swali lako kwamba ziko mbili ambazo hazina mwisho, na nadhani hilo linawauma wasomaji wako kuliko unavyodhani. Kisha panga siku yako na saa yako, uitangaze, na unitumie mimi pia, nami nitaihifadhi namba yako niwe wa arobaini na moja.