Kabla hujaongeza prosesa pepe, tazama foleni iko wapi

Mdogo wangu uliyekabidhiwa seva ya Informix, mfumo wa hifadhidata, wiki hii, hongera, na pole kidogo.

Ukifungua top, amri inayoonyesha vichakato vinavyoendeshwa kwenye mashine, utakuta vichakato kadhaa vyote vinaitwa oninit. Si virusi. Kila kimoja ni prosesa pepe, yaani kichakato cha mfumo endeshi ambacho Informix hukitumia kuendesha nyuzi (threads, yaani kazi ndogondogo) za watumiaji wengi kwa zamu. Zina madaraja: CPU hutekeleza hoja, AIO husoma na kuandika diski, SOC hushughulika na mtandao, na mengine utayajua taratibu. Usije ukaua hata kimoja kwa kill -9 eti kinakula kompyuta. Kikifa kimoja injini nzima inalala, na simu ya bosi itakukuta ukiwa katikati ya pantoni la Kigamboni.

Sasa kosa langu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, wahasibu wanafunga hesabu, ripoti haitoki, na mimi nina mwaka mmoja kazini katika ofisi moja ya Posta. Mashine ilikuwa na kori 4 (sehemu za CPU halisi zinazofanya kazi) na prosesa pepe za CPU 3. Nikaandika onmode -p +5 cpu, yaani ongeza prosesa pepe tano za CPU, nikijiona fundi. Hakuna kilichobadilika, ripoti ilikuwa palepale. Chukua kibanda cha chipsi chenye majiko manne: ukileta wapishi wanane, wanne watasimama wakisubiri jiko huku wakipigana vikumbo. Na usiku ule hata majiko yenyewe hayakuwa na kazi. Kilichokosekana ni viazi, yaani data kutoka diski.

Nililijua hilo nilipoendesha onstat -g rea, amri ninayotaka uizoee kuliko zote. Inaorodhesha nyuzi zilizo tayari kufanya kazi ila hazijapata prosesa. Nilirudisha idadi ikawa 3 kama mwanzo, nikaiendesha kila baada ya sekunde chache, na karibu mara zote ilikuwa tupu. Basi hakuna aliyekuwa anasubiri CPU. Kwenye onstat -g ioq, inayoonyesha foleni za diski, ndipo nikakuta msongamano: maombi yamerundikana kwenye chanki moja (kipande cha diski ambacho Informix huhifadhi data), kwa sababu ripoti ilikuwa inasoma jedwali kubwa mstari kwa mstari bila faharasa (index). Nikatengeneza faharasa, ripoti ikatoka kwa dakika chache. Wapishi wangu watano hawakusaidia lolote.

Ikiwa orodha ya rea ni ndefu na haipungui, hapo ndipo ongeza, tena moja moja, bila kuzidi kori ulizonazo. Kwenye mashine ya kori 4 mimi huishia 3, moja nauachia mfumo endeshi. Kama SINGLE_CPU_VP, mpangilio wa kutumia prosesa pepe moja tu ya CPU, imewekwa 1, nyongeza itakataliwa. Za CPU unaweza kuzipunguza seva ikiendelea na kazi. Za AIO zikishaongezwa zinabaki hadi uizime seva, kwa hiyo usizigawe kama njugu.

Kumbuka pia kwamba onmode -p haiandiki chochote kwenye onconfig, faili la mipangilio ya seva. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, seva itaamka na idadi iliyoandikwa kwenye mstari wa VPCLASS wa faili hilo, na wewe utabaki unashangaa mbona ya jana haipo. Ukiridhika na mabadiliko, nenda ukaandike, kwa mfano VPCLASS cpu,num=3,noage (noage huzuia mfumo endeshi kuzishushia kipaumbele).

Kwa ufuatiliaji wa kila siku kuna onstat -g glo, inayoonyesha muda wa CPU wa kila prosesa pepe. Namba zake hujumlishwa tangu seva ilipowashwa, kwa hiyo soma mara mbili kwa tofauti ya dakika moja kisha utoe ya kwanza kwenye ya pili. Usikimbilie onstat -z kuzirudisha sifuri, utafuta na hesabu ambazo wenzako wanazifuatilia. Chukua namba za siku ya kawaida pia, saa 4 asubuhi watu wakiwa kazini, uziweke mahali. Usiku wa balaa ndizo utakazolinganisha nazo.

Halafu humo kwenye glo kuna safu ya Eff, ambayo niliipuuza muda mrefu. Inalinganisha muda wa CPU ambao prosesa pepe imepewa kweli na muda ambao nyuzi zake zilihesabiwa kuwa kazini. Ikishuka sana, mfumo endeshi unainyima nafasi. Kama seva yako ni mashine pepe, tazama na st kwenye top, yaani muda ambao mashine yako ilitaka CPU ikanyimwa. Ikiwa nayo iko juu, kori zako zinagombaniwa na mashine za watu wengine, na hakuna utakachoandika kwenye onconfig kikazirudisha. Beba namba zako uende kwa anayesimamia mashine mama, ile halisi inayobeba mashine pepe zote.