Leseni ya urubani ya nje: anza na usajili wa ndege
Ndugu, umeuliza kama leseni yako ya urubani binafsi itakuruhusu kurusha ndege ya kukodi ukiwa nchi nyingine. Kinachoamua hasa ni usajili wa ndege. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi iliyosajili ndege. Kwa hiyo ukikodi ndege iliyosajiliwa huko, jiandae kuomba uthibitisho kwa mamlaka ya anga ya nchi hiyo. Omba mapema, maana mara nyingi huwauliza kwanza waliokupa leseni. Cheti cha afya kisiwe kimekwisha muda. Na nakusihi, hata ukipata kibali, ruka kwanza na mwalimu wa pale: anga ngeni ina taratibu zake za redio na maeneo yaliyokatazwa.