Anasoma kama maji, maswali ya ufahamu anakosa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie maana nimekwama kabisa. Kijana wangu yupo darasa la saba shule ya serikali, masomo yote wanafundishwa kwa Kiswahili isipokuwa hilo la Kiingereza, na tunataka akimaliza akafanye intavyuu ya fomu wani kwenye seminari. Kusoma anasoma vizuri tu, ukimpa habari ya Kiingereza anateleza kama maji, ila tukija kwenye maswali ya ufahamu kati ya kumi anapata mawili matatu. Nimemnunulia pasti pepa kibao, kila siku anafanya moja na jumamosi yupo tuisheni, lakini maksi zipo palepale na siku hizi akiona karatasi tu ananuna. Mimi mwenyewe Kiingereza changu cha kuungaunga. Nifanyeje? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hizo pasti pepa zifungie kabatini mwezi mzima. Najua mtihani unakaribia na moyo unakudunda lakini pasti pepa inampima mtoto, haimfundishi, na huyu umeshampima vya kutosha.

Leo usiku mpe aya moja tu, sio ukurasa, asome, afunge kitabu halafu akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea, kama vile anavyokusimulia mechi aliyotoka kuangalia kwa jirani. Akibaki anakodoa macho umeshapata jibu lako, mtoto anatamka maneno lakini habari haijaingia kichwani. Hapo rudini sentensi moja moja, nani kafanya nini, wapi, kwa nini. Wapo walimu wanaokataza Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, mimi sikubaliani nao hata kidogo, kuandika ataandika kwa Kiingereza sawa, ila kuelewa aelewe kwa lugha anayoota nayo. Na uzuri wake kazi hii unaiweza hata na Kiingereza chako hicho, wewe ni wa kuuliza tu "enhe, ikawaje?"

Sasa nikwambie wanachofanya watoto wengi. Anasoma swali, anaokota neno moja, labda "market", anarudi kwenye habari kuwinda hilo neno, akilikuta ananakili sentensi nzima. Darasa la saba maswali mengi ni ya kuchagua kwa hiyo ujanja huu unambeba kidogo. Kwenye intavyuu akiambiwa aandike sentensi yake mwenyewe unamwangusha. Nimesahihisha karatasi swali linauliza "why" mtoto kajibu jina la mtu, kisa jina lilikuwa sentensi moja na neno aliloliwinda! Kwa hiyo kabla hajajibu chochote akwambie kwanza swali linataka nini, mtu, mahali, muda au sababu. Akishajibu aweke kidole kwenye mstari uliompa jibu. Kidole kikikosa pa kukaa basi kabahatisha.

Halafu kuna yale maswali ambayo jibu halijaandikwa. Kuna binti nilimpa habari ya mvulana aliyefika shule maji yanamchuruzika kichwani, madaftari kayaficha ndani ya shati. Swali, hali ya hewa ilikuwaje? Akaniandikia kwamba habari haijasema. Nikamuuliza kwa Kiswahili, wewe lini uliwahi kuficha madaftari ndani ya shati? Akanyamaza kidogo, akaangalia dirishani, mara "eeh mwalimu, mvua!" Kumbe jibu alikuwa nalo siku zote, hakujua kama anaruhusiwa kulitumia. Sasa mtoto wa namna hii hata umpe karatasi mia hazimsaidii, mpaka mtu mzima akae naye amuulize.

Ndio maana nasema ongea naye pia mambo ya dunia, nyuki wanatengenezaje asali, bandarini kunafanyika nini, mahindi yanatokaje shambani mpaka yawe unga. Mwaka 1988 kule Marekani watafiti wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 habari ya mechi ya baseball, na wasomaji dhaifu wanaoujua huo mchezo wakaelewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nami naliona darasani kwangu, mtoto wa mvuvi mpe habari ya ziwa uone atakavyojibu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi nafundisha tuisheni, kila mwaka tunabishana, mtoto aanze kusoma maswali au habari? Mwalimu mwenzio, Mbeya.

JIBU: Nzuri mwalimu mwenzangu. Inategemea na mtoto. Anayeelewa vizuri ila muda unamwishia, apitie maswali mara moja haraka ndio aingie kwenye habari. Ila huyu mwinda maneno niliyemsema hapo juu ukimwanzisha na maswali umemmaliza, hatasoma habari tena, ataiparua tu kutafuta maneno. Huyo asome habari yote kwanza, kila aya aandike pembeni maneno matatu ya kilichotokea, hata kwa Kiswahili, kwa penseli, ndio afungue maswali. Mwanzoni atachelewa sana na utatamani kumharakisha. Usimharakishe, saa iweke mezani wiki mbili za mwisho kabla ya intavyuu.