Beba Kitereza kwenye meli

Dada umeuliza ubebe kitabu cha karatasi au usikilize cha sauti kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, mi nasema beba karatasi, tena beba Myombekere na Bugonoka cha Aniceti Kitereza, mzee wa hukohuko Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe akamaliza 1945, Kiswahili chake kikachapwa 1980, mwaka uliofuata, 1981, akafariki, yaani hiyo huwa inaniuma kila nikikishika. Ukweli kinaenda polepole, pombe ya ndizi, kilimo, adabu za ukweni, nilikiacha mara mbili kabisa, ila ukizoea mwendo wake unajikuta uko mle nyumbani kwa Myombekere na mkewe Bugonoka unawaombea wapate mtoto. Usirukeruke kurasa.

Vya sauti mi nasikiliza nikiwa naparua sato jikoni, mikono haishiki kitabu. Cha juzi msomaji alisoma kama taarifa ya habari nikakizima sura ya pili, hadithi nzuri imeuliwa na sauti, kwa hiyo sikiliza kile kipande cha bure kabla hujalipia.

Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nimeimaliza pia, Kiswahili kitamu mno, hiyo msomeane na mwenzio.