Tarumbeta na kinanda cha mabomba: kinanda hakisogei, sogea wewe

Muziki wa Baroki (wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi) wa tarumbeta na kinanda unahitaji watu wawili tu, na ukipigwa vizuri unajaza kanisa kuu zima. Ukiharibika, mara nyingi nota ngumu hazihusiki. Ubovu huwa kwenye kutyuni na mahali pa kusimama, na yote mawili yana chanzo kimoja: mpiga kinanda hawezi kupandisha wala kushusha sauti ya bomba katikati ya wimbo. Wa kujirekebisha ni mwenye tarumbeta.

Tuanze na joto. Mabomba ya filimbi, ambayo ndiyo mengi katika kinanda, hupanda kwa takriban senti 3 kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Nusu toni nzima ni senti 100. Kinanda kilichotyuniwa A 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) kwenye nyuzi 20 kitasoma karibu 446 zikifika 28. Tarumbeta haipandi kiasi hicho, kwa kuwa hewa iliyomo ndani yake inapashwa na pumzi yako hata siku ya baridi. Siku ya jua kali, basi, utajikuta uko chini ya kinanda kwa karibu robo ya nusu toni, na hilo hata asiyejua muziki atalisikia.

Kwenye tarumbeta ya Bb, senti hizo 24 ni sawa na kusukuma bomba la kutyunia ndani kwa sentimita 1 hivi. Kwenye pikolo, yaani tarumbeta ndogo ambayo urefu wake ni nusu, ni milimita 5 tu, kwa hiyo isogeze kidogo kidogo. Kama siku za kawaida unapiga huku bomba limeshaingia lote, siku ya joto huna pa kukimbilia. Puliza hewa ya moto ndani ya tarumbeta dakika kadhaa bila kutoa sauti, ndipo utyuni, tena kwa Prinsipali ya futi 8, rejista (seti ya mabomba) ya msingi ya kinanda. Usityuni kwa rejista ya Trumpeti ya kinanda. Mabomba yake ni ya ulimi, yaani hulia kwa ulimi wa chuma unaotetemeka, na karibu hayasogei joto linapobadilika, kwa hiyo siku hiyo yenyewe yanagombana na mabomba mengine. Ni sababu nzuri pia ya mpiga kinanda kuyaacha kabisa wakati tarumbeta inalia.

Kwenye kinanda cha umeme, ambacho ndicho kilichomo katika makanisa yetu mengi, shida hugeuka. Chenyewe kinabaki 440 na tarumbeta ndiyo inayopanda kadiri inavyopata moto. Ingia kwenye mpangilio wa kutyuni, ukipandishe hadi 442 au 443 baada ya tarumbeta kupata moto, si kabla. Na kitufe cha kuhamisha Doh (kupandisha au kushusha ufunguo wa wimbo) kirudishwe sifuri kila wimbo unapoisha.

Doh yenyewe ichaguliwe kwa kujua ala ya zamani ilikuwaje. Tarumbeta ya Baroki haikuwa na pistoni. Hizo zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19. Lilikuwa bomba refu, mita 2 na zaidi, na mpigaji alipata tu toni za asili za bomba hilo, zinazohesabiwa kutoka ya chini kabisa. Ngazi kamili huanza kwenye toni ya 8 na kwenda juu, ndiyo maana muziki huu unakaa juu sana na karibu wote uko D au C. Toni ya 11 huangukia kati ya fa na fi (fa iliyopandishwa nusu toni), na ya 13 ni la iliyo chini mno. Watunzi wazuri walizipitia haraka. Wewe mwenye pistoni unazo safi, lakini ukikuta fa imewekwa kwenye mpigo dhaifu, iache iwe nyepesi kama ilivyoandikwa.

Doh ikiwa D, mwenye tarumbeta ya Bb anasoma E, yenye kali nne, na midomo inachoka mapema. Kinanda kikishuka hadi C, anasoma D. Kikishuka hadi Bb, anasoma C. Pikolo ya A inasoma F kwa wimbo wa D, na ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa aliyeizoea. Asiyeizoea asiikodi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, kwa sababu kipande cha mdomo ni kidogo na hewa inarudi kwa nguvu.

Kwa kuanzia, tafuta sonata 8 za Girolamo Fantini katika kitabu chake cha 1638, za tarumbeta na kinanda hasa, kisha mbili za Giovanni Buonaventura Viviani za 1678. Machi inayopendwa sana harusini, ile inayoandikwa "Purcell" kwenye programu nyingi, ni ya Jeremiah Clarke. Tafadhali mpeni haki yake. Sonata za Torelli wa Bologna zimeandikwa kwa tarumbeta na ala za nyuzi, na katika nyingi tarumbeta hunyamaza sehemu ya polepole. Usijaze ukimya huo. Ndio unaookoa midomo kwa sehemu ya mwisho.

Rejista: Prinsipali 8 na 4 zinatosha kubeba tarumbeta, pamoja na futi 16 laini kwenye pedali za miguuni. Ongeza futi 2 kinanda kinapokuwa peke yake. Sehemu za mwangwi zipigwe na kinanda kwenye kibodi ya pili kwa Fluti 8 na 4.

Sasa mahali pa kusimama. Panda roshani, usimame mita 2 kutoka kwa mpiga kinanda, mdomo wa tarumbeta ukielekea watu, si sikio lake. Ukilazimishwa kusimama altareni, mita 34 kutoka kwenye mabomba, sauti ya kinanda inakufikia sekunde 0.1 baadaye. Piga na unachokisikia, na waliokaa karibu nawe watasikia mmoja. Mpiga kinanda ataisikia tarumbeta ikiwa nyuma kwa sekunde 0.2, na hapo asikufuate hata kidogo. Akikusubiri, nawe unamsubiri, na wimbo unazidi kupungua kasi hadi mistari ya mwisho. Afuate mpigo wake mwenyewe, na mwanzo wa kila sehemu auone kwa kioo.