Maswali yenu: akina mama wa kamera za zamani

Hao wanawake wapiga picha wa zamani si walikuwa wasaidizi wa waume zao tu?
Jamani hili swali linarudi kila mara, leo nalijibu kwa mara ya mwisho. Christina Broom wa London, mumewe Albert aliumia mguu kwenye kriketi, hela nyumbani zikakata, mama akaazima kamera 1903 ana miaka 40, akajifunza mwenyewe na kuanza kuuza postikadi. Binti yao Winifred ndo alikuwa anasafisha picha kwenye stoo ya makaa, na Albert anaandika maelezo kwa mkono. Haya, msaidizi nani hapo? Na kule Marekani Jessie Tarbox Beals, mwalimu wa shule, ndo alimfundisha mumewe kupiga picha.

Nani alikuwa wa kwanza duniani?
Wa kwanza wa nini? Ukiona mtu kaandika "wa kwanza" bila kusema wapi na kazi gani, mkimbie.

Kamera zao zilikuwa nyepesi?
Wapi! Beals alikuwa anakokota mzigo wa kilo 20 na zaidi, kavaa gauni refu na kofia, na kwenye maonesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, 1904 alipanda ngazi na hilo gauni kutafuta engo.

Napiga picha za harusi, ndugu wanataka bure. Wa zamani walilipwa?
Walilipwa, tena vizuri. Gertrude Käsebier alilea watoto watatu kwanza, ndo akafungua studio New York, na 1899 picha yake moja iliuzwa dola 100, za enzi hizo lakini. Alfred Stieglitz, mpiga picha maarufu mwenye jarida la picha, alimsifia weee, toleo la kwanza la jarida hilo, 1903, akampa yeye, ila baadaye akaanza kumdharau eti anafanya sanaa kwa hela. Yeye Stieglitz kwao walikuwa nazo, angejuaje kodi ya studio? 1912 Käsebier akajitoa kwenye kundi la wapiga picha la Stieglitz na kazi ikaendelea. Kwa hiyo wewe chukua advansi kabla ya kuwasha kamera, hasa kwa ndugu, shangazi akishapata picha simu hapokei.

Yule dada kwenye ile picha ya zamani, wa sigara na kikombe cha bia, sketi imepanda, ni changudoa?
Ni Frances Benjamin Johnston, alipiga picha marais wa Marekani, na hiyo kajipiga mwenyewe studioni kwake Washington 1896. Mnaosambaza picha mkiwa mmekata jina la mpigaji, ndo nyie mnaoniletea maswali kama haya.