Mimea ya milimani kuoza kwenye hori ya mawe: tazama chini kabla ya kutazama maua

Ndugu, umesema uliona hori za mawe zenye mimea ya milimani kwenye bustani ya mtu hapa Nakuru, ukaiga, na sasa ya kwako inaoza kila masika. Usilaumu baridi. Kinachoua ni maji kutuama shingoni mwa mmea, pale shina linapoingia udongoni. Ukikaribishwa tena, inama uchungulie chini ya hori. Iliyotengenezwa vizuri imeinuliwa juu ya matofali, sentimita 5 au zaidi kutoka ardhini, na ina matundu kadhaa, si moja.

Mawe ya sabuni ya Tabaka, Kisii, huchongeka kwa urahisi lakini hayanyonyi maji, kwa hiyo matundu yawe mengi zaidi. Rahisi kupata ni hori ya simiti: ndoo 1 ya simiti, 1.5 ya pamisi, lile jiwe jepesi la volkano linaloelea majini, na 1.5 ya kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Vaa glavu. Tia maji kidogo kidogo mpaka ukifinya konzi moja yatoke matone machache tu. Yakizidi, kuta hupasuka zikikauka. Kuta na sakafu ziwe na unene wa sentimita 5, waya wa kuku ukiwa katikati, na vijiti vya sentimita 2.5 visimamishwe sakafuni ili viache matundu. Funika kwa magunia mabichi. Baada ya siku 2 ondoa mbao za umbo zilizoshikilia simiti, halafu endelea kulowesha kwa wiki 3. Kabla ya kupanda, ijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa, maana chokaa ya simiti mpya huunguza mizizi.

Udongo ndio unaoharibu kazi ya wengi. Vumbi la volkano la huku kwetu likilowa hugandamana na kuziba kila kitu. Chekecha pamisi, tupa vumbi, bakiza chembe za milimita 3 hadi 6. Changanya sehemu 2 za chembe hizo, 1 ya udongo wa shamba na 1 ya mboji ya majani. Tafadhali usitandaze kokoto chini ukidhani zinachuja: maji hugoma kushuka pale udongo laini unapokutana na kokoto, na mizizi inabaki imelowa. Weka kipande cha wavu juu ya kila tundu, kisha mchanganyiko uleule hadi juu. Panda shingo ikiwa imeinuka kidogo, uizungushie kokoto kavu kina cha sentimita 2.

Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, usiku hupoa vya kutosha kwa Sempervivum na Sedum, mimea midogo ya majani manene. Molo ni afadhali zaidi. Kisumu, mita 1,130 hivi, mimea ya Alps, milima ya Ulaya, huchoshwa na joto la usiku, kwa hiyo jaza hori kwa Crassula, nayo ya majani manene, na aloe ndogo. Usiende kuchimba Mlima Elgon: mbugani ni marufuku, na aloe za mwituni zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nunua kitaluni, na umuulize muuzaji kama mche umeoteshwa kwa mbegu au kipandikizi.